Dada yuko tayari kuuza kiwanja nikasome Marekani, na bado sijamwambia kuhusu Ujerumani

Shikamoo, Mama Mshauri.

Nina miaka 21, niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea sayansi ya mazingira. Naisoma safu hii tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kudhani kuwa siku moja nitakuandikia. Naomba ulihifadhi jina langu, kwa sababu mtu ambaye barua hii inamhusu kuliko wote naye ni msomaji wako.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka 6. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu, na wakati huo yeye ndiyo kwanza alikuwa ameingia mwaka wa kwanza chuoni. Akaacha masomo, akatafuta kazi, akanilea. Hakurudi tena darasani. Leo ana mume mwema na watoto wawili, lakini ada yangu bado inatoka mfukoni mwake, na nikimshukuru ananinunia. Nakueleza haya ili uelewe kwa nini jambo ambalo wengine wangelifurahia mimi linaninyima usingizi.

Mwaka jana rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja bwenini alinipeleka kwa wakala anayewatafutia wanafunzi vyuo vya nje. Nilijaza fomu ili tu nisimwache peke yake. Baada ya miezi mitatu barua ikaja: nimekubaliwa na chuo kimoja Marekani. Nitahamia huko nikamalizie shahada yangu kwa miaka mitatu, na watanipunguzia asilimia 40 ya ada ya masomo. Rafiki yangu naye amekubaliwa na ameshalipa amana. Dada aliposikia alilia. Alikwenda mwenyewe kuonana na yule wakala, akarudi akaniambia: "Nitauza kiwanja. Nataka ufike ambako mimi sikufika." Kiwanja hicho alikilipia kidogo kidogo kwa miaka 8. Kwa hesabu zetu fedha zake zitatosha mwaka wa kwanza na nusu ya mwaka wa pili. Wakala anasema kilichobaki nisikiwaze, kwani wanafunzi wote kule hufanya kazi na kujilipia.

Wakati huohuo, bila kumwambia mtu, nilikuwa nimeomba nafasi ya kubadilishana wanafunzi kupitia chuo chetu. Tuna makubaliano na chuo kikuu kimoja Ujerumani, na kila mwaka huchukuliwa wachache. Nimepata. Ni mwaka mmoja tu, kuanzia Oktoba, halafu narudi kumalizia hapa. Kule sitalipa ada ya masomo, na kuna posho ya kila mwezi ingawa haitoshi matumizi yote. Kozi nyingine hufundishwa kwa Kiingereza, nyingine kwa Kijerumani. Kijerumani changu ni cha ngazi ya A2: naweza kununua tiketi na kuuliza njia, siwezi kufuata mhadhara. Nilikesha nikisoma orodha ya kozi zao. Ipo moja ya maji ya chini ya ardhi ambayo wanafunzi hutoka na mhadhiri kila wiki kwenda kupima visima kwa mikono yao. Chuo cha Marekani kozi yao inafanana na yangu, jina ni lilelile.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikienda Ujerumani mwaka mmoja nikarudi, watu watasema nilikwenda kutembea. Nitakuwa nyuma ya wenzangu, na nasikia kozi za nje huenda zisihesabiwe. Mwanafunzi mmoja aliyenitangulia alirudi akalazimika kurudia muhula mzima. Marekani ni shahada kamili, na ni mlango ambao ukifungwa haufunguki tena. Rafiki yangu anasema nikikataa nitajuta maisha yangu yote. Na Dada anataka Marekani. Sijamtajia Ujerumani hata mara moja. Kila nikitaka kufungua mdomo namwona alivyolia siku ile.

Ujerumani wanataka jibu ndani ya siku 19. Amana ya Marekani inatakiwa ndani ya siku 23. Ungekuwa mimi, Mama, ungechagua wapi?

Mdogo wa Dada

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu, nikipigia mstari kila mahali ulipomtaja dada yako. Karatasi ilijaa. Nikaanza upya, safari hii nikitafuta mahali ulipoeleza utakachokuwa unasoma. Nikapata sentensi mbili: moja ya visima, moja inayosema kozi ya Marekani inafanana na yako kwa sababu ina jina lilelile. Nitazirudia sentensi hizo. Ila kwanza nimwongelee dada, maana najua usiposikia la dada hutasikia jingine.

Kama nimekuelewa, una barua mbili mkononi. Ya kwanza ni ya kuhama kabisa, miaka mitatu, kwa fedha za kiwanja ambacho mtu unayempenda alikilipia kwa miaka 8. Ya pili ni ya mwaka mmoja, kwa gharama ndogo zaidi, katika lugha inayokutisha, na umeificha. Unaona kwamba ukichagua ya pili utakuwa umeyatupa machozi ya mtu aliyeacha chuo kwa ajili yako. Huo ni mzigo mzito kwa mtu wa miaka 21, wala sishangai kwamba hulali.

Sasa nikuulize kwa upole. Uliandika kwamba Dada anataka Marekani. Rudi kwenye maneno yake kama ulivyoyanukuu mwenyewe: "Nataka ufike ambako mimi sikufika." Neno Marekani halimo. Lilitoka kwa wakala, naye Dada akalipokea kwa sababu ndilo pekee lililowekwa mezani. Mwenzio hajachagua kati ya njia mbili, maana ya pili haijui. Inawezekana ukimwambia akasema bado anaona Marekani ni bora, na hiyo ni haki yake. Inawezekana pia kwamba "ambako sikufika", kwake yeye, ni kumaliza shahada tu, popote itakapomalizikia. Mimi sijui, na wewe pia hujui. Anayejua ni mmoja, na yuko karibu nawe.

Naogopa kidogo ukimya huu. Ukilipa amana bila kumwambia, utakwenda Marekani na siri, na siku mambo yatakapokuwa magumu, kama yanavyokuwa kwa kila anayesoma mbali, siri hiyo itakaa baina yenu kwenye simu. Ukikubali Ujerumani kimyakimya, ataisikia habari iliyokwisha amuliwa, yeye aliyekwisha kutafuta mnunuzi. Kumwambia sasa kutauma, sikatai. Lakini litakuwa jambo la siku moja, huku kiwanja bado chake na nafasi zote mbili bado ziko wazi.

Ukikosa pa kuanzia, anza na jambo dogo la kweli: "Dada, kuna kitu niliomba nikaona aibu kukwambia, na nimekipata." Kisha mwonyeshe barua. Halafu muulize lile ambalo nadhani ndilo linalokutafuna: "Nikienda mwaka mmoja nikarudi, utaniona nimeshindwa?" Acha ajibu, usimalizie maneno kwa niaba yake. Na kama mazungumzo yatafika huko, muulize yeye pamoja na shemeji kile kiwanja walikikusudia nini kabla wakala hajaingia katika habari hii. Huenda watoto wake wawili wamo ndani ya jibu hilo. Siulizi ili kukutia hatia. Zawadi ikitolewa kila mtu akijua kilichomo huwa nyepesi kubeba.

Haya, turudi kwenye zile sentensi mbili.

Wengi wanaoniandikia kuhusu kusoma nje huwa wamechagua nchi. Wachache wamechagua masomo. Nchi ni rahisi kuiota kwa sababu tayari tuna picha zake kichwani. Wewe jaribu kuota kitu kidogo kuliko nchi: Jumatano moja ya kawaida, katikati ya Novemba. Umeamka. Unakwenda wapi? Darasani mko 20 au 300? Unafanya nini kwa mikono yako, maabara ipo au hakuna? Nani atasoma ulichoandika na kukuambia umekosea wapi? Jioni unakula na nani? Kwa Ujerumani tayari una kipande cha Jumatano hiyo, umesimama kando ya kisima unashusha kamba ya kupimia. Kwa Marekani hukuniandikia hata saa moja ya siku yako.

Hilo halimaanishi chuo cha Marekani ni kibaya. Linamaanisha hujakiangalia. Kozi yenye jina la sayansi ya mazingira yaweza kuwa kemia na hesabu tupu, au sera na sheria, au jiografia iliyobadilishwa jina. Kaa chini ufungue orodha yao ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne kwa makini yaleyale uliyoyatumia usiku ule wa Ujerumani. Inawezekana ukakuta jambo la kukukesha huko pia, na hapo utakuwa na mizani yenye vitu pande zote mbili. Ukikuta hakuna, hilo nalo ni jambo la kujua kabla kiwanja hakijauzwa.

Tazama pia namna wanavyopima. Katika vyuo vingi vya Marekani alama hukusanywa muhula mzima: majaribio, kazi za nyumbani, mtihani wa katikati, hata kuchangia darasani. Ujerumani mara nyingi alama yote ya kozi hutegemea mtihani mmoja wa mwisho, na katikati hapo hakuna anayekufuatilia. Kuna mtu hustawi akiachwa, na kuna mtu huzama. Wewe unajijua kuliko mimi.

Fedha sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa limo neno moja la wakala lililonishtua. Alisema wanafunzi wote kule hufanya kazi na kujilipia. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani viza ya masomo ya Marekani, ambayo ndiyo utakayoiomba, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mwaka wa kwanza wa masomo haruhusiwi kazi ya nje ya chuo. Baada ya hapo lazima apate kibali, na kibali hakitolewi kwa kila anayeomba. Kazi za ndani, za maktaba au jikoni, hugombewa na wengi, na malipo yake kwa kawaida hutosha chakula na vitabu. Kuzilaza juu yake ada ya mwaka mmoja na nusu ni hesabu nisiyoweza kuiona ikikamilika. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Hilo peke yake halimfanyi mtu kuwa mwongo, ila usimwachie yeye akufanyie hesabu.

Jambo jingine: ili upate fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huombi viza, chuo hutaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Za mwaka wa kwanza unazo. Ndiyo maana njia itaonekana iko wazi, utapokewa, utaanza, na shida itakukuta katikati ya mwaka wa pili, mbali, kiwanja kikiwa kimekwisha kuliwa. Nimeshapokea barua za watu waliofika hapo. Wengine waliokolewa na msaada wa chuo. Wengine walirudi na nusu ya shahada ambayo hakuna chuo kilichojua pa kuiweka.

Kwa hiyo waandikie chuo wenyewe, ofisi ya udahili na ile ya misaada ya kifedha, usipitie kwa wakala. Uliza asilimia 40 hiyo ni ya ada tu au inagusa malazi, chakula na bima. Uliza kama itaendelea miaka yote mitatu na inadai wastani gani wa alama. Uliza gharama ya mwaka mzima kwa sasa, na imepanda kiasi gani miaka iliyopita. Uliza kama amana inarudishwa viza ikikataliwa. Ujue pia kwamba ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wageni, ya dola 350, inayolipwa kabla ya mahojiano ya viza, hairudishwi ukinyimwa. Majibu yote yawe ya maandishi. Chuo kizuri hakitachukia maswali haya, kimezoea kuulizwa. Hakikisha pia kina ithibati, orodha hutunzwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Vituo vya EducationUSA, vilivyo chini ya Wizara yao ya Mambo ya Nje, hutoa ushauri bila malipo. Ningekuwa na siku 19 ningetumia saa moja huko.

Ujerumani nako kuna mashimo yake. Kutolipa ada ya masomo si kutolipa kitu. Kila muhula kuna mchango wa lazima wa chuo, na bima ya afya haina mjadala. Kwa viza ya masomo, kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni kuonyesha euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na kwa kawaida fedha huwekwa katika akaunti iliyofungwa inayokuachia sehemu kila mwezi. Posho yako ikiwa chini ya hapo, pengo utatakiwa kulijaza au kulionyeshea mdhamini kabla ya kusafiri. Ulisema posho haitoshi yote. Pungufu ni kiasi gani? Ikiwa ni kidogo, pengine Dada ataweza kuliziba pasipo kugusa kiwanja. Ikiwa ni kikubwa, basi hata njia hii si rahisi kama inavyoonekana, na ni bora ujue wiki hii.

Na Kijerumani, mwanangu, usikidharau. A2 ni ngazi ya pili kati ya sita. Mhadhara wa sayansi kwa kawaida hudai ngazi ya tano, C1, au angalau B2. Huwezi kuipanda ngazi hiyo kati ya sasa na Oktoba. Kinachowezekana ni kuchagua kozi za Kiingereza kwanza, na kuuliza kama ile ya visima imo miongoni mwake. Hilo ulizia kabla ya jingine lolote. Ikifundishwa kwa Kijerumani tu, Jumatano yako imebadilika.

Kuhusu kuchelewa, nimefanya hesabu ndogo. Unaogopa kwamba Ujerumani itakurudisha nyuma mwaka mmoja. Lakini mwaka wa pili ukiisha, Marekani bado wanakudai miaka mitatu. Jumla ni mitano, wakati shahada ya kule kwa kawaida ni ya miaka minne. Ina maana baadhi ya kozi ulizokwisha kuzifaulu hawajazihesabu, au wamezihesabu kama za hiari tu. Uliza ni zipi na kwa nini, wakati mwingine maelezo ya kina ya kila kozi yakitumwa, chuo hukubali nyingi zaidi. Kuchelewa kupo pande zote mbili. Swali ni unachelewa ukifanya nini.

Yule aliyerudia muhula alikutisha, na alikuwa na sababu. Kuna kinga dhidi ya jambo hilo, ingawa haiponyi kila kitu. Mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Erasmus, ulioanza Ulaya mwaka 1987, umevizoesha vyuo karatasi iitwayo mkataba wa masomo: kabla ya safari unaorodhesha kozi utakazochukua kule na kozi za huku ambazo hizo zitachukua nafasi yake, na pande tatu zinasaini, wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Hata kama nafasi yako haiko chini ya mpango huo, omba karatasi ya namna hiyo kutoka kwa mkuu wa idara yako. Mwaka mzima Ulaya huhesabiwa krediti 60, muhula 30, idara yako ijue hizo zinalingana na nini. Ijue pia kwamba alama za Ujerumani huenda kinyume na za kwingi: 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Nisingependa mtu wa ofisini aipokee 1.3 yako akadhani umeanguka. Mtafute yule aliyerudia muhula umuulize kilichotokea hasa. Mara nyingi utakuta mtu alibadilisha kozi baada ya kufika na hakurudi kusainiwa upya.

Sasa lile la mlango usiofunguka tena. Hapo nakuomba unisikilize vizuri, maana naona ndilo linalokusukuma kwa haraka. Ufadhili mwingi mkubwa wa kusoma nje unawangoja waliokwisha kumaliza shahada ya kwanza. Fulbright ya Marekani ipo tangu 1946, Chevening ya Uingereza tangu 1983, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya tangu 2004, na ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, nayo ina mafungu mengi ya shahada ya uzamili. Ushindani wake ni mkali na sikuahidi chochote. Nasema tu kwamba barabara ina vituo zaidi ya hiki. Kuna cha tatu ambacho hukukitaja kabisa: kuwaandikia Marekani ukiomba kuahirisha mwaka mmoja. Vyuo vingine hukubali, vingine hukataa, vingine hukubali ila punguzo linapotea. Kuuliza ni barua moja.

Nisionekane kwamba naipunguzia Marekani uzito wake. Shahada kamili ina faida ambazo mwaka mmoja hauwezi kuleta: walimu watakaokujua miaka mitatu na kukuandikia barua za kukuombea kazi, na kwa kanuni zilizopo, miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu, pamoja na miezi 24 zaidi ikiwa kozi imo katika orodha yao ya sayansi na teknolojia. Kwa mtu ambaye fedha zake zimekamilika na kozi imemkaa moyoni, ni njia ya maana. Na mwaka mmoja una kasoro inayojulikana na wote waliokwisha kuupitia: ndiyo kwanza umezoea, unaanza kucheka kwa lugha ya watu, unafungasha.

Rafiki yako anakupenda, na anaogopa kwenda peke yake. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Msikilize kama rafiki. Yeye atakuwa na Jumatano yake, si yako, na kwa miaka mitatu watu hubadilisha vyumba na marafiki.

Mimi mwenyewe niliwahi kusoma mbali na nyumbani. Kilichonishinda mwaka ule wa kwanza hakikuwa masomo, ni jioni za Jumapili, na ukimya wake. Ujerumani mwezi Desemba mchana ni mfupi, saa 8 tu za mwanga katika miji mingi. Marekani utakuwa mbali kwa miaka mitatu, na tiketi ya kurudi kumwona Dada haimo katika hesabu uliyonitumia. Popote utakapokwenda, ulizia mapema kama wana mshauri nasaha wa wanafunzi, na umtafute kabla hujamhitaji.

Umeniuliza ningekuwa wewe ningechagua wapi. Siwezi kukujibu hilo, kwa kuwa nusu ya mambo ya kuamulia bado yako kwenye barua ambazo hujaziandika na maneno ambayo hujayasema. Lakini siku 19 zinatosha. Wiki hii zungumza na Dada, na siku hiyohiyo tuma barua kwa vyuo vyote viwili. Mtafute mtu mmoja aliyesoma kila upande, umuulize Jumatano yake ilikuwaje, usimuulize nchi ni nzuri au mbaya. Ikifika siku ya 15 majibu ya fedha hayajaja, waombe muda wa nyongeza, wala usione haya. Wao wana wanafunzi wengi, wewe una kiwanja kimoja.

Nitakuwa nikikufikiria. Niandikie tena, hata mistari miwili tu. Nataka kujua kozi ya visima inafundishwa kwa lugha gani, na Dada alikuambia nini uliposema neno Ujerumani.

Mama Mshauri